Kama silikanti alirudi, kwa nini megalodoni asirudi?

"Mtaalamu, naandika kutoka Tanga. Mwanangu ana miaka 10 na tangu likizo hataki kukanyaga maji ya Raskazone. Ameona video kwenye simu inayosema papa mkubwa kuliko basi, anaitwa megalodoni, bado yumo kwenye kina cha Bahari ya Hindi na serikali zinaficha. Nikamwambia huo ni uongo, papa huyo alikwisha zamani. Hapo mjomba wangu, mvuvi wa Kigombe, akaniharibia kazi: 'Hata silikanti walisema alikwisha, na mimi nimemtoa kwenye jarife kwa mikono yangu.' Nikakosa la kusema. Tena marehemu babu, aliyekuwa baharia wa meli za mizigo, alituachia jino jeusi la pembetatu, kubwa kama kiganja changu. Sasa mtoto analitoa kila jioni kama ushahidi. Mna hakika gani kuwa papa huyu hayupo? Na mnajuaje kuwa alikula nyangumi, wakati hakuna mtu aliyekuwepo akaona?"

Dada, nisalimie mjomba wako na umwambie hoja yake imenifurahisha. Wengi wanaoniuliza habari za megalodoni hunitumia video. Yeye ameleta samaki. Kwa hiyo sitamjibu kwa "wanasayansi wamesema", maana atanirudishia hapo hapo kwamba wanasayansi hao hao walisema na kuhusu silikanti, na hatakuwa amekosea.

Jibu la kumpa mtoto kabla ya kulala ni hili: papa huyo hayupo. Alitoweka takriban miaka milioni 3.6 iliyopita. Kama huko shuleni wameshafundishwa habari za nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, mwambie nyayo zile zina umri wa miaka milioni 3.66 hivi. Siku wale wazee wetu walipokanyaga jivu la volkano likiwa bado bichi, megalodoni wa mwisho walikuwa baharini, hesabu yao ikielekea ukingoni. Binadamu wa aina yetu sisi wamekuja baadaye mno. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona papa huyo.

Sasa turudi kwa mjomba.

Silikanti alijulikana kwa visukuku peke yake hadi Desemba 1938. Mwezi huo Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa jumba dogo la makumbusho mjini East London, Afrika Kusini, aliona katika rundo la samaki wa meli ya uvuvi samaki wa buluu mwenye mapezi yanayofanana na viguu. Mtaalamu wa samaki J.L.B. Smith akamtambua. Kabla ya hapo visukuku vya ukoo huo vilikuwa vinakatika kwenye miamba ya miaka milioni 66 hivi, na watu wakahitimisha kuwa samaki naye aliishia hapo. Kumbe Wakomoro walikuwa wakimvua na jina wamempa, gombessa. Wa pili kufika kwa wanasayansi alitoka huko mwaka 1952. Mwaka 2001 akanaswa mmoja karibu na Malindi. Kuanzia 2003 akaonekana Tanzania, na Tanga wakanaswa wengi kwenye majarife ya papa kiasi kwamba mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Haya mjomba anayajua kuliko mimi.

Kosa la wanasayansi wale lilikuwa wapi? Walisikia kimya wakadhani ni kifo. Lakini silikanti ni mnyama mkimya kwa maumbile yake. Mchana hujificha mapangoni kwenye miteremko mikali ya chini ya bahari, kwenye kina cha mita 100 na zaidi. Akifa huacha mwili mmoja, na mahali anapofia ni pagumu kwa mashapo kutulia, yakamfunika, yakawa mwamba, kisha mwamba ukainuka juu ya maji tukauchimba. Mnyama wa namna hiyo anaweza kuishi miaka milioni 66 asituachie hata gamba.

Megalodoni ni kinyume chake kabisa. Papa hana mifupa, ana gegedu, na gegedu huoza kama nyama. Kinachobaki kwa kawaida ni meno, na meno ya papa ni mengi kupita kiasi. Muulize mjomba afungue taya la papa yeyote anayeletwa sokoni: nyuma ya safu ya mbele kuna safu nyingine imelala, na nyuma yake nyingine, kama watu wa foleni. La mbele likidondoka la nyuma linasogea. Katika maisha yake papa mmoja humwaga meno maelfu kwa maelfu. Megalodoni alifanya hivyo kwa muda unaokaribia miaka milioni 20, tena si mapangoni, bali kwenye bahari za uvuguvugu na maji ya pwani, mahali hasa ambapo mashapo hutulia vizuri. Meno yake yamepatikana Marekani, Panama, Peru, Malta, Ubelgiji, Japani, Australia. Kuna mito Marekani ambako wazamiaji huyaokota kama sisi tunavyookota makombe.

Halafu, ukipanda kwenye matabaka machanga zaidi ya mwamba, yanakatika. Hayapungui pole pole upande mmoja huku yakiendelea upande mwingine. Kote duniani hayapo. Huyu hakuwa mkimya. Alikuwa mpiga debe wa stendi, na mpiga debe akinyamaza ujue ameondoka. Waswahili husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa silikanti methali hiyo ilitimia. Kwa megalodoni mshindo wenyewe ulitangulia, kimya kikafuata.

Mjomba akibisha kuwa kuna meno yaliyopatikana kwenye matabaka machanga, ana haki, yapo. Ila fikiria hivi: ukichimba jalala la leo pale Tanga ukakuta heller ya Mjerumani, sarafu ile ambayo neno letu "hela" limetokana nayo, hutasema Mjerumani bado anatawala. Utasema mvua imeichimbua mahali ikaileta hapa. Meno nayo husombwa. Mto hukata mwamba mkongwe, jino hutoka, hubingirika, huzikwa upya kwenye mchanga mpya, na kwa kawaida huwa limesagika kingo. Mwaka 2019 Robert Boessenecker na wenzake walipitia upya meno ya pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini, wakaweka kando yale ambayo mahali yalipotoka pana shaka au yameonyesha dalili ya kusombwa. Yaliyobaki yaliishia miaka milioni 3.6. Makadirio ya zamani, milioni 2.6, bado utayakuta kwenye vitabu vingi. Si uzushi, yamepitwa tu.

Uvumi kwamba papa huyu yu hai una chanzo chake, na chanzo chenyewe hakikuwa cha kijinga. Mwaka 1875 meli ya utafiti ya Uingereza, HMS Challenger, ilikokota wavu chini ya Bahari ya Pasifiki kwenye kina cha zaidi ya mita 4,000, ukatoka na meno ya megalodoni yaliyofunikwa na gamba jeusi la manganizi. Mwaka 1959 mtu mmoja alipima unene wa gamba hilo, akaligawa kwa kasi aliyodhani manganizi hukua, akapata jino moja lina miaka 24,000 na lingine 11,000. Kama ni kweli, hiyo ni jana. Kosa liko kwenye kasi. Manganizi ya bahari kuu hukua milimita chache tu kwa miaka milioni, na tena hukua kwa kusitasita, kwa hiyo unene wa gamba haufai kuwa saa. Na chini kule mashapo hushuka taratibu mno; jino linaweza kulala juu ya sakafu miaka milioni kadhaa bila kufunikwa, kama kitu kilichosahauliwa kwenye chumba kisichoingia vumbi. Mwaka 2013 kituo kimoja cha televisheni cha Marekani kikatoa filamu yenye waigizaji waliojifanya watafiti, watazamaji wengi wakaamini. Video ya mwanao huenda ni kijukuu cha ile.

"Lakini bahari ni kubwa, kina hakijulikani chote." Hili nalo huniandama. Ni kweli bahari ni kubwa, ila kujificha kwenye kina si suala la nafasi, ni suala la chakula na baridi. Mwaka 2023 watafiti walipima kemikali za meno ya megalodoni, wakakuta mwili wake ulikuwa na joto zaidi ya maji yaliyomzunguka kwa takriban nyuzi 7 za Selsiasi. Mwili wenye joto ni injini inayokula mafuta hata ikiegeshwa. Kundi jingine mwaka 2022 lilikadiria kuwa megalodoni wa mita 16 alihitaji zaidi ya kilokalori 98,000 kwa siku, chakula cha watu wazima zaidi ya 40. Mimi namba hiyo siichukui kama nukuu ya msahafu, kwa sababu imejengwa juu ya uti mmoja wa mgongo kutoka Ubelgiji na umbo la kukisia. Hata ukiikata nusu, bado ni mlo mkubwa. Chini ya mita 1,000 maji ni ya baridi kali na chakula ni makombo yanayodondoka kutoka juu. Papa mweupe mkubwa wa leo, ambaye naye ana joto mwilini, huzamia huko, lakini lazima apande kula. Na megalodoni angepanda kula nini? Nyangumi. Nao nyangumi tunawaona.

Hoja hii ndiyo ningependa mwanao aishike. Kila mwaka, kuanzia Julai hivi, nyangumi wa nundu hupanda kutoka maji ya Antaktika kuja kuzaa kwenye pwani yetu. Ndama wao huzaliwa na urefu wa mita 4 au zaidi kidogo. Kwa megalodoni hicho kingekuwa kitoweo kilicholetwa mlangoni. Watafiti duniani wamepiga picha maelfu ya mikia ya nyangumi hawa, maana kila mkia una alama zake kama alama za vidole. Kwenye picha hizo unaona mistari ya meno ya nyangumi muuaji. Unaona vidonda vya duara vilivyokatwa na papa mdogo wa nusu mita hivi, ambaye hung'ata tonge na kukimbia. Papa huyo mdogo watu wengi hawajawahi kumwona, lakini mlo wake unaonekana kwenye ngozi za wengine. Mkia uliokatwa na meno ya sentimita 15 haujawahi kupigwa picha.

Hapo tumeshaingia kwenye swali lako la pili, na ninalipenda kuliko la kwanza. Nani alimla nani, na mlijuaje?

Ushahidi mtamu kuliko wote ni tumbo. Katika jumba la makumbusho la Sternberg, mjini Hays, Kansas, katikati ya bara la Marekani ambako zamani za dinosauri palikuwa bahari, kuna samaki wa urefu wa mita 4 na kitu aitwaye Zifaktino. George Sternberg alimchimbua mwaka 1952. Ndani ya mbavu zake amelala samaki mwingine mzima, wa karibu mita 2, kichwa kikielekea mkia wa mlaji. Hajatafunwa, hajayeyuka. Yaelekea mmezaji alikufa muda mfupi baada ya kumeza, labda yule wa ndani alifurukuta akamuumiza. Ukisimama mbele ya mwamba ule huhitaji mtaalamu akueleze. Tamaa ya mmoja iliwaponza wote wawili.

Matumbo ya namna hiyo ni ya nadra, na ya megalodoni hatuna. Tunabaki na alama za meno kwenye mifupa, na hapo ndipo uangalifu unapotakiwa. Kwenye jangwa la Peru, mahali palipokuwa ghuba miaka milioni 7 hivi iliyopita, kuna mifupa ya nyangumi wadogo wa mita 5, urefu wa ngalawa, yenye mikwaruzo iliyoachwa na meno ya msumeno ya papa mkubwa sana. Unaweza kuona hata vijistari sambamba, kila kimoja kimechorwa na jino dogo moja la msumeno. Je, alimuua? Si lazima. Mbwa akiguguna mfupa wa ng'ombe hatusemi mbwa alichinja ng'ombe. Papa hula mizoga, tena kwa furaha. Alama kwenye mfupa husema "alikula", haisemi "aliwinda".

Ndiyo maana kuna ubavu mmoja ninaoupenda kuwaonyesha wanafunzi picha yake. Ulitoka kwenye mgodi wa Aurora, North Carolina, ni wa nyangumi, na una alama tatu zilizoachana sentimita 6 hivi, umbali wa jino hadi jino la papa mkubwa. Juu ya ubavu, kuzunguka alama, kuna tabaka la mfupa mwingine, wenye vinyweleo, wa ovyo ovyo. Mtu aliyewahi kuvunjika mkono akapigwa eksirei anaujua: huo ni mfupa wa haraka ambao mwili huujenga kufunga jeraha au kupambana na usaha. Mzoga haujengi mfupa. Maana yake nyangumi yule aling'atwa akiwa hai, akaponyoka, akaishi wiki chache, wakakadiria 2 hadi 6, kisha akafa, na mfupa wa haraka haukuwahi kukomaa. Waliouchunguza, mwaka 2012, walikadiria papa mwenyewe alikuwa na urefu wa mita 4 hadi 8. Huenda alikuwa megalodoni kijana, huenda papa mwingine mkubwa wa enzi ile. Ubavu hauna jina la mng'ataji, na wao hawakulazimisha jina.

Kuna na njia ya kemia. Mnyama akila mnyama mwenzake, nitrojeni nyepesi hutoka na mkojo kuliko nzito, nzito hubaki mwilini. Mla majani anayo kidogo, anayemla yeye anayo zaidi, na hivyo hivyo kupanda ngazi. Mwaka 2022 watafiti walipima nitrojeni iliyofungiwa ndani ya meno ya megalodoni, wakakuta amekaa juu kwenye ngazi kuliko mwindaji yeyote wa baharini anayejulikana leo. Wengine wakapima zinki, ambayo nayo hubadilika kadiri unavyopanda ngazi ya ulaji, na matokeo ya 2025 yanaonyesha mlaji asiyechagua sana, aliyekula wakubwa na wadogo kwa kadiri ya mahali alipo. Mimi naona vipimo hivi viwili havigombani kama vinavyotangazwa. Picha ya megalodoni anayekula nyangumi asubuhi mchana na jioni ni ya wachora katuni. Nyangumi alikula, ndiyo, na pomboo, na sili, na bila shaka papa wenzake.

Na tusidhani sisi hatukosei. Kuna viumbe wa kale waitwao amoniti, ndugu wa mbali wa pweza, wenye kombe la kuviringika. Makombe mengi ya Amerika Kaskazini yana matundu ya duara, na tangu 1960 ilielezwa kuwa ni meno ya mosasa, mijusi wakubwa wa baharini. Mwaka 1998 watafiti wakatengeneza taya bandia la mosasa, wakaling'atisha kombe la nautilo, jamaa wa amoniti aliye hai. Kombe likapasuka vipande ovyo. Matundu mazuri ya duara hayakutoka. Wakasema matundu yale ni makazi ya konokono waliojishikiza kwenye kombe wakalisugua, kama wale wanaoganda kwenye miamba ya pwani yetu maji yakitoka. Mjadala haujafungwa, kwa sababu kuna makombe yenye matundu yaliyopangika kwa umbo la taya, pande zote mbili, na konokono hawapangi foleni hivyo. Nimekutajia kisa hiki ili mjomba ajue kwamba ubishi wake si jambo geni kwetu, ndio unaotuendesha.

Ukubwa wake? Basi la abiria ni mita 12 hivi. Makadirio ya muda mrefu yalimpa megalodoni mita 15 hadi 18 au zaidi kidogo, na mwaka 2025 Kenshu Shimada na wenzake wakafika mita 24.3, huku wakimfanya mwembamba zaidi, si papa mweupe aliyenenepeshwa kama anavyochorwa. Hiyo 24 mimi naichukua kama dari ya nyumba, wengi hawakuigusa. Kwa mtoto wa pwani kuna mfano ulio hai: papa potwe wa Mafia. Wengi wanaoonekana pale Kilindoni hawafiki mita 10, na bado ukiwa majini karibu yake unahisi umesimama pembeni ya ukuta unaotembea. Naye chakula chake ni uduvi na mayai ya samaki.

Kwa nini megalodoni alikwisha? Hakuna sababu moja, na anayekupa moja anakuuzia. Bahari ilikuwa inapoa. Maji mafupi ya pwani, ambako huenda watoto wake walikulia kama wale waliokutwa kwenye miamba ya Panama, yalipungua wakati kina cha bahari kilipoanza kupanda na kushuka. Nyangumi wadogo wa aina nyingi walipotea, na wale wakubwa waliobaki walizoea kusafiri hadi kwenye maji ya barafu. Papa mweupe mkubwa, mdogo kwa umbo, mwepesi kulisha, naye alikuwa ameshaenea duniani miaka milioni 4 hivi iliyopita. Kama unaniuliza mizani yangu inaelemea wapi, naiweka kwenye tumbo: mwili wenye joto na mkubwa vile hauwezi kufunga mkanda. Papa mweupe alibaki kwa sababu sahani yake ni ndogo.

Sasa jino la babu. Kwa picha pekee sitakuambia ni la kweli, na anayekuambia kwa picha asikutoze hela. Lakini mnaweza kuanza uchunguzi nyumbani, wewe na mtoto. Lipime uzito mkononi: kisukuku ni jiwe, kizito na baridi, la plastiki ngumu ni jepesi, na ukichunguza kingo utaona mshono wa kalibu au vitundu vya hewa. Tazama sehemu ya mzizi, ile iliyochongoka pande mbili. Iwe haing'ari kama ncha. Kati ya mzizi na ncha, upande uliobinuka, megalodoni ana ukanda wa rangi nyingine wenye umbo la V. Papa mweupe hana ukanda huo, na jino lake ni dogo zaidi. Weusi usikupe umri wala nchi. Ni madini ya udongo yaliyoingia. Meno meusi ni ya kawaida pwani ya mashariki ya Marekani, na baharia aliyeshuka bandari za huko angeweza kulinunua kama kumbukumbu, ila huko ni kukisia kwangu tu. Msilichome na sindano ya moto kulijaribu, msilisugue na asidi, msilipake vanishi.

Kisha lipelekeni kwa mtu alishike. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kuanzia, au walimu wa jiolojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Pelekeni pia kila kitu babu alichoandika, hata barua au kitambulisho cha meli, maana jino lisilojulikana lilikotoka lina thamani ndogo kwa sayansi. Akitokea mtu wa kulinunua au wa kulipeleka nje ya nchi, msikubali kabla ya kuuliza makumbusho. Na mjomba akinasa silikanti tena, awape taarifa watu wa hifadhi siku hiyo hiyo, akiwa ameandika mahali na kina alipotega. Hilo lina faida kuliko video zote za megalodoni.

Kuhusu mtoto, usimdhihaki na usimtupe majini kwa nguvu. Hofu ya miaka 10 ikipewa kazi hupungua. Mpeleke sokoni aone taya la papa na kuhesabu safu. Raskazone aanze kwa kulowesha miguu, na mfundishe kuburuza nyayo mchangani ili samaki aitwaye taa, aliyelala hapo, asimchome; huyo ni wa kweli, na yupo. Mkondo wa maji nao ni wa kweli. Lakini kama amekosa usingizi kwa wiki kadhaa, anakojoa kitandani ilhali alishaacha, au amekataa na shule, hapo si habari ya papa tena. Mwone daktari wa watoto au mshauri wa shule, mwende naye ana kwa ana.

Mkipata lenzi, mwambie ahesabu meno ya msumeno kwenye ukingo wa jino la babu, katika sentimita moja. Megalodoni huwa na zaidi ya 10, madogo, yamelingana. Aniandikie yeye mwenyewe namba aliyoipata.